Kabla hujanunua kontrola ya kumiksi

Swali hili hunifikia kila baada ya muda mfupi, na sura yake haibadiliki: "Kaka, nimeona kontrola yenye feda nane, na nyingine yenye feda moja. Mbona ya feda nane ni rahisi kuliko ya moja? Nichukue ipi?" Nimelijibu kwa ujumbe wa sauti hadi nimechoka kujisikia, kwa hiyo leo naliandika mara moja. (Feda ni zile swichi ndefu zinazoteleza juu na chini kupandisha na kushusha sauti. Usizichanganye na fedha, ingawa nazo zitakutoka.)

Jambo moja lazima lieleweke kabla ya yote: kontrola haipitishi sauti. Haina mahali pa kuchomeka maiki wala spika. Inachofanya ni kuiambia programu yako ya kurekodi muziki "pandisha traki ya tatu", "nyamazisha ngoma", "anza kurekodi". Ukiitoa, wimbo unabaki ulivyo. Zipo miksa za kidijitali zinazofanya kazi zote mbili, lakini hizo zina hesabu yake. Kijana mmoja alikuja kwangu na kontrola mpya kabisa ndani ya boksi, ameacha kununua intafesi ya sauti (kifaa kinachoingiza maiki kwenye kompyuta) kwa sababu aliamini amepata "miksa ndogo". Siku ile hatukurekodi kitu.

La pili ni kwamba, kama bado unamiksi kwa spika zilizokuja na kompyuta, pesa hii ipeleke kwanza kwenye spika za studio au hedifoni nzuri. Kontrola huharakisha mkono tu. Masikio hayafaidiki nayo chochote.

Andaa haya kwanza

- Jina la programu yako na toleo lake kamili. "Natumia FL" haitoshi, maana matoleo ya zamani ya FL Studio hayana uwezo wa kusoma skripti za kontrola, yaani maagizo yanayoifanya programu iielewe kontrola fulani. Uwezo huo ulianza na toleo la 20.7.
- Projekti tatu ulizokwisha kurekodi, mojawapo iwe ile yenye traki nyingi kuliko zote.
- Futikamba au rula.
- Idadi ya soketi za USB zilizo wazi. Zihesabu kwa macho, usikisie.
- Kiwango chako cha juu cha pesa, ukishaondoa usafirishaji, ushuru na adapta.
- Karatasi na kalamu.

Hatua ya 1: Hesabu kazi ya mkono wako

Fungua projekti moja, weka karatasi kando ya kipanya, halafu miksi saa nzima kama kawaida yako. Kila unaposhika kipanya, piga mstari mmoja kwenye safu yake:

a) kupandisha au kushusha sauti ya traki wimbo ukiwa unacheza;
b) kupeleka sauti kushoto au kulia, au kuongeza mwangwi;
c) kugusa plagini (vijiprogramu vya kubadili sauti ndani ya programu yako);
d) kucheza, kusimamisha, kurekodi, kurudi mwanzo;
e) kukata, kusogeza na kupanga vipande.

Hesabu mistari. Ikiwa safu ya (e) ndiyo imejaa, huhitaji kontrola; jifunze njia za mkato za kibodi na pesa yako ibaki mfukoni. Mtengeneza biti za singeli anayekata sampuli kutwa nzima mara nyingi huangukia hapa, na hakuna aibu. Ikiwa (d) inaongoza, unahitaji vitufe tu. Ikiwa (b) na (c), unahitaji nobu (vile vishikio vya kuzungusha), si feda. Ni safu ya (a) peke yake inayokupeleka kwenye feda za kweli.

Mimi narekodi kwaya na vikundi vya taarab. Karatasi yangu ilijaa (a) hadi nikageuza upande wa pili. Mwimbaji wa taarab ananong'ona ubeti, kisha anaachia sauti kwenye kiitikio, na fidla zinamjibu juu yake. Kompresa, plagini inayobana sauti kubwa, peke yake haimalizi kazi hiyo. Mtu lazima aiendeshe sauti kwa mkono, mstari kwa mstari.

Hatua ya 2: Jua programu yako inazungumza lugha gani

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na nadharia unayoihitaji ni hii tu.

MIDI, lugha ya amri kati ya vyombo vya muziki na kompyuta, kwa kawaida ina nafasi 128, kuanzia 0 hadi 127. Inatosha kwa nobu ya mwangwi. Kwa feda ya sauti inabana: ukishusha taratibu sana unaweza kusikia ngazi badala ya mteremko.

Mackie Control ndiyo lugha inayoeleweka na programu nyingi zaidi: Cubase, Logic Pro, Reaper, Studio One, Ableton Live na FL Studio zote zinaifahamu kwa namna moja au nyingine. Inabeba feda nane na moja ya masta (ya sauti ya wimbo mzima), inarudisha majina ya traki kwenye kontrola, na hatua zake ni nyembamba zaidi kwa sababu feda zake hutumia ujumbe wa kupinda noti (pitch bend), wenye nafasi 16,384. (Ukumbuke ujumbe huu wa kupinda noti. Utakuja kutusumbua chini huko.)

HUI ni ya zamani zaidi, ya mwishoni mwa miaka ya 1990, na bado ndiyo njia ya kawaida ya kuingia Pro Tools kwa kontrola za bei ya kati. Pro Tools haizungumzi Mackie Control.

EUCON ilianzishwa na Euphonix, kampuni iliyonunuliwa na Avid mwaka 2010. Inapita kwenye kebo ya mtandao na ni ya kina kuliko hizo nyingine, ila utaikuta zaidi kwenye vifaa vya Avid kama S1.

Sasa andika kwenye karatasi: programu yangu ni fulani, lugha yake ni fulani. Kontrola yoyote isiyotaja lugha hiyo kwenye maelezo ya mtengenezaji, ifute kwenye orodha. Usitegemee muuzaji anayekwambia "inafanya kazi na zote".

Onyo: "Inaungana kwa USB" si jibu. Kila kitu kinaungana kwa USB.

Hatua ya 3: Amua kuhusu mota

Hili ndilo jibu la swali la pale juu. Feda nane za bei rahisi hazina mota. Ile feda moja ya bei kubwa inayo, na inahisi kidole chako kinapoigusa.

Tofauti utaiona hivi. Umemaliza kumiksi wimbo wa kwanza, feda zako zote ziko juu. Unafungua wimbo wa pili, ambao traki zake zilikuwa chini. Kwenye skrini feda ziko chini. Mezani ziko juu. Ukigusa moja tu, sauti inaruka kutoka chini hadi juu ghafla, na aliyevaa hedifoni anaruka nayo. Ableton Live ina mpangilio wa kuzuia hilo: ukichagua "Pickup", feda haifanyi kitu mpaka ipite mahali sauti ilipo. Inasaidia, lakini utakuwa unasukuma feda gizani ukiitafuta sauti, kila mara unapobadili kundi la traki. Feda yenye mota hujipeleka yenyewe mahali pake.

Lakini faida kubwa iko kwenye otomesheni, yaani kurekodi mwendo wa feda. Unacheza wimbo, unaendesha sauti ya mwimbaji kwa kidole, programu inakumbuka. Mara ya pili unaiacha feda ijiendeshe, na unapofika pale ulipokosea unaigusa, unarekebisha, unaachia. Ikiwa uko kwenye hali ya "Touch", ukiachia tu inarudi kwenye mwendo wa awali. Bila feda inayohisi kidole, programu haijui umeshika saa ngapi na umeachia saa ngapi, kwa hiyo kurekebisha neno moja katikati ya ubeti kunakuwa kazi ya kipanya tena.

Mimi nilianza na kontrola ya feda nane zisizo na mota. Wiki mbili za kwanza nilijiona mhandisi wa sauti kweli. Baada ya miezi sita ilikuwa imebaki kuegemezea simu. Niliiuza, nikanunua feda moja yenye mota, na hiyo haijatoka mezani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kama safu yako ya (a) ndiyo ndefu, feda moja yenye mota inazishinda nane zisizo nayo. Zisizo na mota zinafaa kama unaanzia sifuri kila mara, kama unapiga mubashara, au kama unatumia nobu kuliko feda.

Hatua ya 4: Feda ngapi?

Fungua ile projekti yenye traki nyingi. Tuseme ina arobaini. Kontrola ya feda nane itazigawa katika makundi matano, na utakuwa unabonyeza kitufe cha kuhama kundi siku nzima. Ya feda kumi na sita inapunguza tu, haimalizi.

Dawa iko ndani ya programu, tena ni bure: kusanya traki kwenye mabasi machache, yaani njia za pamoja ambamo traki kadhaa huendeshwa kama moja. Ngoma basi moja, besi moja, kinanda na magitaa moja, fidla moja, viitikio moja, sauti kuu peke yake. Ukifika nane au chini, kontrola ya feda nane inakuonyesha wimbo mzima bila kuhama. Na ukiwa na feda moja, unachagua basi kwa kipanya na kuiendesha.

Kazi ya kumiksi unaifanya kwa awamu, traki moja baada ya nyingine. Feda mbili kwa wakati mmoja utazihitaji unapopima, kwa mfano, sauti kuu dhidi ya viitikio. Nane kwa wakati mmoja? Una vidole kumi, sawa, lakini sikio hufuata kitu kimoja.

Hatua ya 5: Pima meza

Haraka tu. Feda ndefu ni za milimita 100, fupi ni 60 au chini ya hapo. Kwa kuendesha sauti ya mwimbaji, ndefu ni bora kwa mbali, kwa sababu mwendo mdogo wa kidole hauwi mabadiliko makubwa ya sauti. Pima nafasi iliyopo kati ya kibodi na skrini. Kontrola ikikulazimu kuisogeza kibodi pembeni, baada ya mwezi mmoja itakuwa imehamia kabatini.

Kwa kontrola za feda nane, angalia pia kama zina viskrini vya kuonyesha majina ya traki. Zisizo navyo zitakulazimu kubandika utepe wa karatasi na kuandika kwa mkono, kama miksa za kanisani.

Hatua ya 6: Umeme

Ndogo nyingi hula umeme wa USB moja kwa moja. Zenye mota kwa kawaida huja na adapta au kebo yake ya ukutani. Soma maandishi madogo kwenye adapta: yakisema 100–240V, uko salama. Yakisema 120V pekee, hiyo ni ya Marekani. Ukiichomeka kwenye 230V ya Tanzania au 240V ya Kenya, itaungua. Ndugu walioko ughaibuni hutuletea vifaa kwa nia njema, na adapta ndiyo hufa kwanza. Ukinunua adapta nyingine, linganisha volti, ampea, na upande wa chanya kwenye pini.

Hatua ya 7: Linganisha na vilivyopo

Ukiwa na pesa kidogo na kazi ya nobu: Korg nanoKONTROL2 (feda nane fupi, nobu nane) au Akai MIDImix (feda nane na masta, nobu 24). Hazina mota.

Ukiwa mtu wa sauti kuu: PreSonus FaderPort, feda moja ya milimita 100 yenye mota, inayoelewana vizuri sana na Studio One; au Behringer X-Touch One, ambayo ina pia kiskrini cha jina la traki.

Ukihitaji nane zenye mota: Behringer X-Touch au PreSonus FaderPort 8. X-Touch Compact ina feda tisa zenye mota lakini haina viskrini.

Studio inayolipwa na wateja: SSL UF8 au Avid S1. Ukiwa unasoma mwongozo huu ili ujue feda ni nini, hizi zisubiri.

Na kuna chaguo la bure ambalo watu hulidharau. Mwenye Logic Pro na iPad au iPhone anaweza kupakua Logic Remote bila malipo. Reaper nayo inaweza kufunguliwa kwenye kivinjari cha simu. Tumia simu mwezi mmoja. Kioo hakina mguso wa feda, lakini kitakuonyesha kama kweli unapenda kumiksi bila kipanya.

Hatua ya 8: Kagua kabla ya kulipa, hasa kilichotumika

1. Sukuma kila feda polepole kutoka chini hadi juu. Ikikwaruza au kunasa, kuna vumbi au imechoka.
2. Iwashe. Nyingi zenye mota huzisogeza feda zenyewe wakati wa kuwaka; hakikisha zote zimetembea na zimesimama bila kutetemeka.
3. Bonyeza kila kitufe. Cha kucheza na cha kusimamisha ndivyo hufa mapema.
4. Tikisa kebo ya USB kwenye soketi. Ikicheza, iache.
5. Nenda na kompyuta yako. Usikubali kuonyeshwa kwenye kompyuta ya muuzaji pekee.

Hatua ya 9: Unganisha

1. Washa kontrola kwanza, programu baadaye.
2. Iweke kwenye hali ya lugha uliyoiandika Hatua ya 2. Kwenye nanoKONTROL2, kwa mfano, unashikilia kitufe cha SET pamoja na kingine huku ukichomeka kebo. Kitufe hicho kingine hutegemea programu yako, na kipo kwenye mwongozo wake.
3. Iongeze ndani ya programu. Reaper: Preferences, kisha Control/OSC/web, kisha Add. Cubase: Studio Setup. Pro Tools: Peripherals, ukurasa wa MIDI Controllers, chagua HUI. Live: ukurasa wa MIDI, sehemu ya Control Surface. FL Studio: MIDI Settings.
4. Chagua mlango wa kuingia na wa kutoka. Wa kuingia huleta mwendo wa kidole. Wa kutoka hupeleka amri kwenye mota na viskrini. Kwenye FL Studio namba ya mlango iwe ileile pande zote mbili.
5. Iondoe kontrola kwenye orodha ya vinanda vya MIDI. Hili husahaulika na karibu kila mtu.
6. Sogeza feda moja kwenye skrini kwa kipanya. Ya mezani ikifuata, umemaliza.

Onyo: Usiiache traki kwenye hali ya "Write" baada ya kurekodi mwendo wa feda. Hali hiyo hufuta kila kilichopo wimbo unapocheza, hata kama hujagusa chochote. Rudisha "Read", inayosoma tu mwendo uliorekodiwa, kabla hujaenda kunywa chai.

Ikigoma

*Ninasukuma feda, programu inafuata, lakini mota haisogei.* Hukuchagua mlango wa kutoka. Kama umeuchagua, angalia adapta. Baadhi ya kontrola huwaka taa kwa umeme wa USB huku mota zikisubiri umeme wa ukutani.

*Nikisogeza feda, kinanda kinapinda sauti kama kimelewa.* Ni ule ujumbe wa kupinda noti. Hukufanya namba 5 ya Hatua ya 9.

*Feda inapigana na kidole changu.* Haijatambua kwamba umeigusa. Futa jasho, shika kwa ncha ya kidole na si kwa ukucha, na usivae glavu. Ikiendelea, tafuta kipimo cha unyeti wa mguso kwenye mipangilio ya kontrola. Angalia pia kama hujaiongeza kontrola hiyohiyo mara mbili ndani ya programu.

*Majina hayaonekani, vitufe vinafanya mambo ya ajabu.* Kontrola iko kwenye HUI, programu inasubiri Mackie Control, au kinyume chake.

*Inapotea katikati ya kazi.* Itoe kwenye habu (kigawanyio cha soketi za USB), ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta. Kwenye Windows, fungua Device Manager na uondoe ruhusa ya kompyuta kuzima soketi ya USB ili kuokoa umeme.

*Programu inasema mlango unatumika.* Kuna programu nyingine imeushika, mara nyingi ile ya mtengenezaji uliyoifungua kubadili mipangilio. Ifunge, kisha uifungue upya programu ya muziki.

*Nasikia "zzzt" kwenye rekodi ya sauti.* Hizo ni mota zako zikifuata otomesheni huku maiki iko wazi chumba hichohicho. Kwa nyimbo tulivu mimi huzima kontrola kabisa wakati wa kurekodi mwimbaji, na kuifunika kwa leso ya khanga ili vumbi lisiingie kwenye nyufa za feda.